MAJI HAYANA MIGUU: MFEREJI WA WARUMI, MFEREJI WA ENGARUKA, NA MFEREJI WANGU

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi methali hii nilikuwa naiandika tu katika insha ili nipate alama, mpaka siku nilipofungua kitabu kimoja cha historia katika maktaba yetu na kuona picha ya daraja la mawe lenye orofa tatu za matao. Chini ya daraja ulipita mto. Nikasoma maelezo yaliyoandikwa chini ya picha, nikaambiwa kwamba juu ya daraja hilo, kule kwenye orofa ya tatu, palipita maji. Nilicheka. Nilidhani mchapishaji amekosea. Maji yapite juu ya daraja na mto uko pale pale chini? Kwani hao watu hawakuwa na macho?

Nilimpelekea mwalimu wetu wa historia kitabu hicho. Aliniambia maneno mawili tu ambayo yamenisumbua mwaka mzima. Alisema, "Hao ni Warumi. Na wale wa Engaruka, umewasikia?" Sikuwa nimewasikia. Basi makala haya ndiyo majibu niliyoyapata, na nayaandika kwa sababu sisi wa Kisaju tunajua maana ya maji kuliko watu wengi. Ni nani kati yetu wanafunzi wa kutwa ambaye hajawahi kufika shuleni amechelewa kwa sababu punda alikataa kutembea na mitungi minne mgongoni?

WARUMI WALIFANYAJE?

Hebu tuanze na Warumi, kisha turudi nyumbani. Jambo la kwanza ambalo lazima tulielewe ni kwamba maji hayana miguu. Hayawezi kupanda mlima yenyewe. Kazi yake ni kushuka. Siku hizi tuna pampu za umeme na za jua, lakini Warumi hawakuwa nazo. Kwa hivyo mtu aliyetaka kuleta maji mjini alilazimika kutafuta chemchemi iliyo juu zaidi ya mji, halafu achimbe mfereji unaoshuka polepole bila kukoma mpaka ufike.

Mfereji wa kwanza wa mji wa Roma uliitwa Aqua Appia. Ulijengwa mwaka wa 312 K.K., na urefu wake ulikuwa kilomita 16 hivi. La kushangaza ni kwamba karibu wote ulipita chini ya ardhi. Matao tunayoyaona kwenye picha ni sehemu ndogo tu ya mifereji hiyo. Yalijengwa pale ambapo palikuwa na bonde, kwa sababu mfereji ukiingia bondeni, maji yatashuka na hayatapanda tena upande wa pili. Sasa nikaelewa lile daraja. Linaitwa Pont du Gard, liko kusini mwa Ufaransa, na lilijengwa na Warumi katika karne ya kwanza. Kimo chake ni meta 49 hivi. Mto ulikuwa chini mno kuweza kuwafaa watu wa mji wa Nîmes, ndiyo maana maji ya chemchemi ya mbali yalipitishwa juu yake. Kumbe macho walikuwa nayo, tena makali!

Mfereji huo wa Nîmes ulikuwa na urefu wa kilomita 50 hivi, yaani karibu kama kutoka hapa Kisaju hadi jijini Nairobi. Na katika safari hiyo yote, maji yalishuka meta 12 na nusu hivi peke yake, kimo cha nyumba ya orofa nne. Ukigawanya, utapata sentimeta 25 kwa kila kilomita. Chukua rula yako ya sentimeta 30. Hata haiishi! Kilomita nzima, na maji yanashuka chini ya urefu wa rula.

Mtu atauliza, kwa nini wasiuteremshe zaidi ili maji yaende mbio? Jibu ni kwamba mteremko mkali una adhabu yake. Maji ya mbio hula kuta na sakafu ya mfereji. Na mteremko ukiwa mdogo kupita kiasi, maji huzubaa, tope hutulia na mfereji huziba. Kazi ya fundi ni kutafuta katikati. Warumi walipima kwa meza ndefu ya mbao, yapata meta 6, yenye kijifereji juu yake. Walijaza maji ndani ya kijifereji, na maji yakilala sawa kutoka ncha hadi ncha, walijua meza iko sawa. Kuta za mfereji walizipaka chokaa iliyochanganywa na vigae vilivyosagwa ili maji yasivuje.

Leo je, kumebaki nini? Hapa pana jambo ambalo ningependa tulikumbuke hadi mwisho wa makala. Pont du Gard bado limesimama, zuri ajabu, na watalii hulijia kutoka kila pembe ya dunia. Lakini ni kavu. Maji yalibeba chokaa, chokaa ikaganda kwenye kuta mwaka baada ya mwaka, watu wakaacha kuikwangua, na mfereji ukajifunga kama koo lenye uvimbe. Kwa upande mwingine, kule Roma kuna mfereji uitwao Aqua Virgo uliofunguliwa mwaka wa 19 K.K. Huo haujulikani sana kwa sababu sehemu yake kubwa imejificha chini ya ardhi. Lakini baada ya kukarabatiwa mara nyingi, mpaka leo unapeleka maji kwenye chemchemi maarufu ya Trevi katikati ya mji. Mzuri ulikufa. Uliotunzwa unaishi.

ENGARUKA

Nina mjomba anayeishi Mto wa Mbu, Tanzania. Likizo ya Desemba baba alipokuwa anakwenda kumwona, nilimsihi twende naye. Barabara hii hii inayopita Kisaju ndiyo tuliyoifuata: Isinya, Kajiado, Bissil, Namanga, Longido, Arusha, kisha Makuyuni na Mto wa Mbu. Kutoka hapo tulielekea kaskazini kupitia Selela, yapata kilomita 60 za vumbi, huku ukingo wa Bonde la Ufa ukiwa ukuta mrefu mkono wa kushoto. Nchi yenyewe ni kavu kama kwetu: migunga, mbuzi, na upepo. Nilijiambia, hapa hakuna mtu anayeweza kulima.

Basi yule kijana aliyetuongoza akatuonyesha mawe. Mwanzoni niliona mawe tu, kama mtu anayesoma lugha asiyoijua. Kisha macho yakazoea. Haya hapa mawe yamepangwa mstari. Huu hapa mstari wa pili sambamba na wa kwanza. Kati yake ndimo maji yalimopita. Ukiufuata mfereji unauona unatambaa kando ya mteremko, haushuki wala haupandi ovyo, halafu unagawanyika na kuingia katika vishamba vilivyotengwa kwa mistari mingine ya mawe, kimoja baada ya kingine, mithili ya madaftari yaliyotandazwa juu ya meza. Hakuna saruji. Hakuna chokaa. Ni jiwe juu ya jiwe, na bado yako pale.

Mji huu wa wakulima ulistawi kuanzia karne ya 15 hivi hadi karne ya 18. Ulikuwa na vijiji saba juu ya mteremko chini ya ukingo wa bonde. Kila nyumba ilijengwa juu ya kitako kilichosawazishwa na kuzuiwa kwa ukuta wa mawe ili isiporomoke. Mashamba yalikuwa chini ya vijiji, na ukubwa wake wote ulikuwa yapata kilomita 20 za mraba. Maji yalitoka katika vijito vinavyoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Walivikinga pale vinapotoka korongoni, kabla havijapotelea uwandani, kwa sababu pale ndipo maji yako juu kuliko mashamba. Ni kanuni ile ile ya Warumi! Hawakuwahi kukutana, lakini walisoma kwa mwalimu mmoja, naye ni maji.

Walilima mtama. Mifugo waliifungia katika mazizi ya mawe karibu na nyumba, na bila shaka samadi haikutupwa. Mawe yaliyozidi mashambani waliyarundika, na marundo hayo yapo hata leo, mengine makubwa kama kibanda.

Mjerumani Gustav Fischer alipita huko mwaka wa 1883 akayaona mawe hayo. Mwaka wa 1935 Louis Leakey alifika, akakadiria kwamba wakazi walizidi 30,000, ingawa waliokuja baada yake waliipunguza sana hesabu hiyo. Hamo Sassoon alichimba miaka ya 1960, na John Sutton akaendelea na utafiti miaka iliyofuata. Zamani walikuwapo watu waliodhani lazima wageni kutoka mbali ndio waliojenga, kana kwamba Mwafrika hawezi kupanga mawe. Leo wataalamu wanakubaliana kwamba waliojenga ni wakulima wa papa hapa Afrika Mashariki. Mgala muue na haki yake umpe!

Utafiti wa miaka ya karibuni wa Daryl Stump umeongeza jambo lililonifurahisha kuliko yote. Alipochimba baadhi ya mashamba aligundua kwamba udongo wake haukuwa pale tangu zamani. Waliuleta wao. Walipitisha maji yenye tope kati ya kuta za mawe, maji yakapunguza mwendo, tope likatulia, na mwaka hadi mwaka shamba likainuka. Yaani hawakuvuna maji tu, walivuna na udongo. Jambo hili likumbuke, maana linahusika na aibu yangu ninayokuja kuisimulia.

MFEREJI WANGU

Nyumbani kwetu tuna silanga ndogo ambayo babu aliichimba kwa ajili ya ndama. Ukame ule wa mwaka wa 2020 hadi 2023 ulipoteketeza ng'ombe wengi wa Kajiado, wetu pia hawakupona wote, na silanga ilikuwa imepasuka kama kisigino. Tangu wakati huo kila mvua inaponyesha baba husimama mlangoni akitazama maji yanavyopita kando ya njia na kwenda zake, huku silanga ikipata kidogo tu.

Niliporudi kutoka Engaruka nilijiona fundi. Mwezi wa Machi, kabla ya masika, nilichukua jembe na sepetu nikachimba mfereji kutoka kando ya njia hadi kwenye silanga. Hatua sitini, moja kwa moja, kwa njia ya mkato. Sikupima chochote. Nilijivuna mbele ya wadogo zangu nikawaambia waninyamazie, nina ujuzi wa kimataifa.

Mvua ilinyesha usiku. Nililala nikisikia maji yanavyonguruma, moyo wangu ukiwa na raha. Kulipopambazuka tulikwenda kutazama. Mfereji wangu ulikuwa umekuwa korongo linalofika magotini. Udongo wetu mweusi huu, mnaujua: ukilowa hauna msimamo. Wote ulikuwa umeshuka na kuingia silangani. Nusu ya silanga ya babu ilijaa tope zito. Mama alitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, maji nimeyaona. Lakini ndama hawanywi uji." Baba hakusema kitu. Alinipa sepetu.

Kwa wiki tatu, kila jioni baada ya shule, nilitoa tope kwa karai. Mikono ilitoka malengelenge hata kalamu ikawa shida kushika. Lakini kazi ile ilinipa muda wa kufikiri. Warumi sentimeta 25 kwa kilomita. Mimi nilikuwa nimeyaachia maji mteremko mzima wa kilima!

Nilimwendea fundi mmoja wa mjengo nikaazima mpira wake wa maji, ule unaopenyeza mwanga. Namna ya kuutumia ni rahisi. Unaujaza maji na kuhakikisha hakuna povu ndani. Mtu mmoja anashika ncha huku, mwingine anashika ncha kule. Maji katika ncha zote mbili yatasimama kimo kimoja daima, hata kama mko mbali na ardhi ina mabonde. Mnaweka alama kwenye vigingi, kisha mnapima kutoka alama hadi ardhini. Hii ndiyo ile meza ya Warumi, ila ya plastiki.

Mimi na mdogo wangu tulipigilia vigingi kila baada ya hatua kumi, na kila kigingi tulikishusha upana wa vidole viwili tu kuliko kilichotangulia. Kwa kufuata vigingi hivyo mfereji haukuweza tena kwenda moja kwa moja. Ulizunguka kilima, hatua zaidi ya mia, sawasawa na ule wa Engaruka unavyotambaa. Ukingo wa chini tuliupanga mawe. Na kabla ya silanga tulichimba shimo pana ambamo maji yanatulia kwanza na kuacha tope lake. Tope hilo sasa tunaliteka na kulimwaga katika bustani ya mama ya sukuma wiki. Kile kilichokuwa adui yangu mwezi wa Machi kumbe ndicho walichokitafuta watu wa Engaruka.

Sitaki kujisifu, pengine ni mvua tu ilikuwa nzuri. Lakini mwaka uliotangulia silanga ilikauka mwezi wa Juni, na mara hii ndama walikunywa hadi katikati ya Agosti. Punda naye alipumzika, na mimi nikawahi kengele ya kwanza.

KWA NINI MIFEREJI HUFA?

Sasa nirudi kwenye lile nililowaomba mlikumbuke. Mifereji ya Engaruka haikubomolewa na adui. John Sutton ameeleza kwamba vijito vilipungua maji na ardhi iliyolimwa mfululizo ikachoka, watu wakahama kidogo kidogo. Leo mto Engaruka bado unatiririka na wakazi wa sasa wanaunywesha mashamba yao, lakini makorongo mengine yaliyolisha mashamba ya kale huwa makavu sehemu kubwa ya mwaka. Kwa hivyo funzo la kwanza ni kwamba mfereji hauzai maji. Chemchemi ikifa, mawe yanabaki kuwa mawe. Sisi tunaokata miti kando ya mito ya msimu na kuteka mchanga wake usiku na mchana, tujiulize.

Funzo la pili linatoka kwa Wamarakwet, hapa hapa Kenya. Juu ya ukingo wa bonde la Kerio wana mifereji iliyotumika kwa karne kadhaa na ingali ikitumika. Mahali pengine imeshikizwa kwenye majabali kwa mawe, miti na udongo, na wanapokuta korongo huvusha maji kwa magogo yaliyotobolewa. Ukilinganisha na Pont du Gard, ni vitu vya kawaida tu, vinaharibika kila mvua kubwa inaponyesha. Ajabu ni kwamba havifi! Sababu ni kuwa kila mfereji una ukoo wake, na kila ukoo unajua zamu yake ya maji na zamu yake ya kazi. Ukuta ukibomoka watu hutoka kuujenga, wala hawangoji kuitwa mara mbili.

Linganisha na sisi. Si mbali na kwetu kuna kisima kilichochimbwa kwa mashine. Siku ya kufunguliwa tuliimba na kula nyama. Baada ya miaka miwili pampu iliharibika. Mikutano ikafanywa. Kila mtu alisema yuko tayari kuchanga, ila asiwe wa kwanza. Basi hakupatikana wa kwanza. Leo mbuzi hujikuna kwenye kile kibanda cha pampu, na akina mama hununua maji kwa mtungi. Pale hapakukosekana chuma wala maji, palikosekana zamu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi shuleni tuna ufa wetu. Nyuma ya madarasa ya kidato cha kwanza kuna tangi. Mifereji ya paa inayolilisha imejaa majani, na kiungo kimoja kimeachana. Nilisimama hapo mvua iliyopita nikahesabu: maji yalimwagika chini tangu mwanzo wa kipindi cha hesabu hadi mwisho wake, na Jumatatu iliyofuata tuliambiwa kila mmoja aje na lita tano kutoka nyumbani. Nimekwisha kumwomba patroni wetu ngazi. Ijumaa ya kwanza ya muhula ujao, baada ya masomo, mimi na wenzangu wanne wa Chama cha Kiswahili tutapanda kuyatoa majani hayo na kukifunga kile kiungo. Ijumaa ya pili itakuwa zamu ya kidato cha pili, kama watakubali, na ya tatu iwe ya kidato cha kwanza.

Anayetaka aje na glavu. Na asiyekuja, basi tafadhali asisahau lita zake tano.